Kalsiamu kwa matunda ya Masisi na Walikale: pesa ya mkulima itangulie wapi?

Parachichi, matunda damu na marakuja ya milima ya Masisi soko lake kubwa ni Goma, na njia yake hupita Sake. Walikale, teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, iko mbali zaidi, na barabara zake za msituni huharibika mvua inyeshapo. Kwa hiyo tunda laini hupoteza bei kabla ya kufika sokoni. Hapo ndipo kalsiamu inapoingia katika hesabu ya biashara.

Kalsiamu hushikamanisha kuta za chembe za tunda. Tunda lililoipata ya kutosha huwa gumu kiasi, hukawia kuoza na huvumilia safari. Wakulima wa tufaha duniani hupuliza kloridi ya kalsiamu ili kuzuia madoa ya ndani yanayoharibu tunda.

Lakini dawa hiyo ina masharti. Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini, na ikishafika kwenye jani haihami kwenda kwenye tunda. Anayepuliza majani tu amepoteza pesa. Ni lazima tunda lenyewe lilowe, tena lingali changa, na kazi irudiwe mara kadhaa. Mchanganyiko ukizidi ukali, au ukipulizwa jua likiwa kali, huunguza majani.

Ndiyo maana zao huamua gharama. Mmea wa matunda damu ni mfupi, na marakuja hutambaa kwenye waya. Pampu ya mgongoni inayafikia yote mawili. Mparachichi mzee usiopogolewa una matunda juu mno, na dawa nyingi huishia chini.

Chini huko, kwenye udongo, ndiko upungufu wa kalsiamu unakoanzia. Udongo mkongwe wa Walikale, uliooshwa na mvua kwa karne nyingi, una asidi na umepungukiwa kalsiamu. Masisi nayo ina miteremko iliyochoka, ingawa upande wa volkano una rutuba zaidi. Chokaa ya kilimo, majivu ya kuni na matandazo yanayotunza unyevu huilisha mizizi msimu mzima.

Vita vimeifanya kila faranga kuwa ya thamani. Waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025 na mabenki ya mji yakafunga milango. Machi mwaka huo waasi hao wakafika Walikale-mjini. Mkulima asiye na mkopo wala uhakika wa barabara hana nafasi ya kubahatisha.

Basi pesa ya kwanza iende kwenye udongo, ya pili kwenye kupogoa na kuchuma bila kuangusha matunda. Dawa ya kupuliza ifuate, kwa matunda damu na marakuja, ikinunuliwa kwa pamoja kupitia ushirika. Ijaribiwe kwanza kwenye mistari michache, na mavuno yake yapimwe kando na ya mistari isiyopulizwa. Ongezeko la bei lisipofidia dawa na vibarua, iachwe.