Mafua ya Msimu wa Kahawa

Aliyewahi kufanya kazi kwenye kinu cha kukoboa kahawa nchini Uganda hahitaji kalenda ili ajue kwamba mavuno yameanza. Magunia ya kwanza yakimiminwa mashineni, chafya huanza. Macho yanawasha, pua inatiririka maji, na usiku kifua kinabana. Kwenye zahanati huambiwa ni mafua, hupewa vidonge, na kesho yake yuko kazini. Msimu ukiisha, anapona. Msimu unaofuata mambo ni yale yale, ila kikohozi kimezidi kidogo.

Ndugu wafanyakazi, hayo si mafua ya kuambukizana. Mafua ya kawaida huisha kwa siku saba hadi kumi. Haya hukaa miezi, hayana homa, na hata kaakaa huwasha. Siku ya mapumziko mtu hupata nafuu. Akirudi kinuni, nayo yanarudi. Huo ni mzio, ambao wengi huuita aleji: mwili hulichukulia vumbi kama adui na kupigana nalo kila linapoingia.

Sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda ni Robusta. Kwa kawaida hukaushwa juani pamoja na ganda lake, nayo huitwa kiboko. Ikikobolewa, ganda lote hilo hugeuka makapi na vumbi. Arabika ya Mlima Elgon humenywa na kuoshwa kwanza, ikafika mashineni na ganda jembamba tu. Watafiti waliopima hewa katika viwanda vya kahawa vya Tanzania, na kutoa matokeo yao mwaka 2013, walikuta vumbi jingi zaidi kwenye viwanda vya Robusta. Tena upande wa Masaka mavuno makubwa huwa katikati ya mwaka, na sehemu za kati na mashariki huwa kuanzia Oktoba hadi Februari. Kibarua anayeifuata kazi huku na huku hapumziki kabisa.

Liko na jambo la gunia lenyewe. Mwaka 1928 madaktari wa mji wa Toledo, Marekani, walieleza jinsi vumbi la kiwanda cha mafuta ya nyonyo lilivyowapa pumu wakazi wa jirani. Mwaka 1950 iliandikwa kwamba vumbi hilo hilo la nyonyo lilikutwa kwenye kahawa mbichi na kwenye magunia yaliyokwisha kutumika. Basi anayekung'uta magunia makuukuu ndani ya ghala huenda anawapulizia wenzake vumbi la aina mbili kwa mara moja.

Dawa ipo, lakini itumiwe kwa akili. Vidonge vya Piriton hupunguza chafya na pia huleta usingizi. Anayesimama karibu na mkanda wa mashine asivimeze kabla ya zamu. Setirizini huleta usingizi mchache kuliko Piriton. Lakini kifua kikianza kupiga mluzi, au mtu akaamka usiku akitafuta pumzi, hiyo yaelekea kuwa pumu, na ni kazi ya hospitali. Pumu ya kazini ikiachwa, wengine hawaponi hata baada ya kuacha kazi.

Vidonge havifagii vumbi. Mdomo wa mashine ufunikwe, feni ya kuvuta vumbi iwekwe pale linapotokea, na lundo la makapi likae mbali na mlango. Ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani. Anayefagia na afanye hivyo wenzake wakiwa wametoka, naye amevaa barakoa ya vumbi inayokaza usoni. Leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila mfanyakazi kulipia. Anayekatwa mshahara kwa ajili ya barakoa alifikishe jambo hilo kwenye kamati ya tawi siku hiyo hiyo.

Ugumu uko kwingine, na tusijidanganye. Kibarua anayekohoa hunyamaza kwa sababu anajua msimu ujao nyapara anaweza kumruka jina. Kwa hiyo asipeleke shauri hilo peke yake. Kamati iandike malalamiko ya idara nzima: chumba gani, mashine gani, saa ngapi vumbi huwa jingi, na watu wangapi wanakohoa. Kila mgonjwa naye aweke daftari lake la siku za kuumwa na siku za nafuu. Daftari hilo humsaidia daktari kuona kwamba chanzo ni kazi, na kwa barua ya daktari chama kinaweza kudai mwenzetu ahamishiwe mahali pasipo vumbi bila kupunguziwa ujira.

Na nguo za kinuni zivuliwe na kufuliwa kando; zisiingie chumba wanamolala watoto.