Sura ya Tano: Mla Maharage

Tumchukue kijana wa mfano kutoka Sumbawanga, ana miaka 24, ametumwa kijiji cha Wabambara nchini Mali. Kwao alizoea kuamkia wazee shikamoo, akajibiwa marahaba, kila mtu akashika njia yake. Huku salamu haiishi. "I ni sogoma," anaambiwa asubuhi, na kabla hajavuta pumzi anaulizwa kama amelala kwa amani, kama wa nyumbani hawajambo, kama watoto hawajambo. Siku ya tatu anapita kisimani, anasikia wanawake wakisalimiana na kuitikiana "nse". Anakariri njia nzima. Kesho yake mzee wa jirani anamsalimu, naye anaitikia kwa kujiamini: "Nse!"

Baraza zima linaangua kicheko. Nse ni itikio la mwanamke. Mwanamume huitikia "nba".

Kicheko hicho ni zawadi, japo siku hiyo hataiona hivyo. Hatalisahau kosa hilo mpaka anazeeka. Tabu yenyewe iko kwenye makosa ambayo hakuna anayeyacheka, na ndiyo sura hii inayoyataka.

Kwanza tuseme alifikaje huko. Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu bado tunawaita Mapadre Weupe, walianzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Weupe huo ni wa kanzu, waliyoiga kwa watu wa Algeria, si wa ngozi. Ndiyo maana siku hizi Mfipa mweusi tii anaweza kuwa Padre Mweupe na hakuna anayeshangaa. Lavigerie aliwataka watu wake wale chakula cha wenyeji, wavae kama wenyeji na waseme lugha yao, tena kwa haraka: baada ya miezi 6 walitakiwa kuzungumza lugha hiyo hata wao kwa wao. Aliagiza pia wasikae chini ya watatu katika nyumba moja. Leo watatu hao kwa kawaida hutoka nchi tofauti, na kijana anayejiandaa kujiunga nao hupelekwa ugenini miaka 2 kabla hajamaliza masomo. Huko Mali shirika limekuwapo tangu 1895. Kifaransa cha kusemezana na wenzake nyumbani anakuwa amekwisha kukisoma, na sitakieleza hapa, kwa kuwa sokoni hakimfikishi mbali.

Kibambara humpokea Mswahili kwa bashasha ya kumhadaa. Sababu ni sababu. Akili ni hakili. Wakati ni waati, sadaka ni saraka, na Alhamisi ni alamisa. Kiarabu kimepita kote kuwili, kwetu kwa jahazi na kwao kwa ngamia, kikaacha mzigo uleule. Kijana anajiona amefika nyumbani. Halafu anakutana na hake, neno ambalo yaelekea lina asili moja na haki yetu, ila lenyewe hutajwa zaidi kwa kosa au dhambi. "Hake to" ni kuomba radhi. Anakutana na so, ambayo yaweza kuwa nyumba au farasi kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Sikio la Mswahili halikulelewa kusikiliza mpando huo. Kwetu sauti hupanda mtu akiuliza au akikasirika, basi. Hapo hakuna dawa ila kukaa na watoto, maana watoto hawachoki kurudia wala hawaoni haya kusema "siyo".

Sasa njoo kwenye sinia. Chakula ni to, ugali wa mtama, uwele au mahindi, na mchuzi wa bamia unaovutika kama ulimi wa kinyonga. Wanaume wamechuchumaa kulizunguka bakuli moja, wamenawa, mkono wa kulia tu. Aliye mdogo kuliko wote ameshika ukingo wa bakuli kwa mkono wa kushoto lisiteleze. Kijana wetu anajua kula kwa mkono, hilo halimtishi. Lakini nyama iko katikati, na kila mtu anakula upande ulio mbele yake bila kuitazama, akingoja mkubwa aigawe. Kijana ana njaa. Anafikisha mkono katikati.

Hakuna anayecheka. Hakuna anayesema lolote. Mazungumzo yanaendelea, chai inapikwa, mkupuo wa kwanza mchungu, wa tatu mtamu, naye anarudi nyumbani akisema moyoni kwamba amepokewa vizuri. Kosa la ulimi watu hulicheka papo hapo; kosa la mwenendo hulifunika, kwa sababu mgeni hakosolewi. Anaweza kumaliza miaka yote 2 akiitwa mtu mwema na huku kila bakuli anaharibu jambo lilelile. Nimesoma miongozo mingi ya kuwaandaa vijana wa kazi hii: sarufi inapewa kurasa nyingi, ukimya huu haupewi hata mstari.

Wabambara wenyewe wana njia ya kuuvunja, nayo Mtanzania anaijua tangu utotoni. Mgeni akikaa hupewa jina la ukoo, jamu, kwa kawaida la mwenyeji wake. Tuseme amepewa Coulibaly. Kuanzia hapo si mgeni tena, ni Coulibaly, na akina Coulibaly wanajulikana nchi nzima kwa jambo moja: ni walaji wa maharage. Kila amtajiaye jina humwambia hivyo. Diarra na Traoré nao wanaitana watumwa na kucheka. Wanauita senankunya. Sisi tunauita utani, na Mpare aliyewahi kukutana na Mchaga hahitaji kuelezwa.

Mtani ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kumwambia. Wiki moja baada ya kupewa jina, kijana akinyoosha mkono tena kuelekea nyama, atasikia kutoka upande wa pili: "Mwacheni, huyu mla maharage hajawahi kuiona nyama!" Watacheka wote. Mkono utarudi wenyewe.

Njia hii aliwahi kuipita mwingine, ila kinyumenyume. Adriano Atiman alizaliwa karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu, mnamo 1866. Aliibwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara kama bidhaa, na Mapadre Weupe wakamkomboa huko Algeria. Walimsomesha uganga wa kizungu katika kisiwa cha Malta, na mwaka 1889, akiwa na miaka ishirini na kitu, akafika Karema kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika awe tabibu na katekista. Lugha ya utoto wake haikumfaa kitu huko. Ilimbidi aanze upya. Alioa mwanamke wa huko huko, akawa na wakwe. Mwanawe Joseph akawa padre. Atiman alitibu watu wa Karema kwa miaka 67, akafa huko huko mwaka 1956 bila kurudi Niger.