Daftari la Wateja au Daftari la Hitilafu? Jua Programu Inayofaa Biashara Yako

Jumamosi, saa mbili usiku. Tuseme unauza intaneti ya majumbani huko Mshomoroni, na simu inaita. "Kaka, nishalipa tangu asubuhi, mbona waifai haijarudi?" Unafungua meseji za malipo, unashuka chini, unashuka tena. Jina analokutajia halimo. Kumbe alilipa kwa simu ya mumewe, na pale pa kuandika nambari ya akaunti akaandika jina la mtoto. Kabla hujammaliza huyo, simu ya pili inaita. Huyu malipo yake yapo na jina lake lipo, lakini ruta yake inawaka taa nyekundu.

Wateja wote wawili wamekasirika, na wote wanasema maneno yale yale: "Nimelipa, sipati huduma." Lakini shida zao si moja. Ya kwanza ni kumbukumbu za wateja kutokaa sawa. Ya pili ni mtambo kuharibika. Ukiyachanganya, utamtuma fundi apande boda hadi nyumba ambayo haina hitilafu yoyote, na yule mwenye ruta mbovu atalala bila mtandao.

Hapo ndipo zinapoingia programu za aina mbili ambazo wenye biashara wengi wanatajiwa siku hizi: CRM na ITSM. Majina yenyewe ni herufi tu, na wauzaji wake hawana haraka ya kukueleza tofauti. Hebu tuzitenganishe hapa, kabla hujatoa pesa.

CRM: daftari la watu

CRM ni programu ya kusimamia uhusiano na wateja. Kwa lugha ya dukani, ni kile kichwa cha mzee wa duka anayemjua kila mtu: huyu hununua nini, alikuja lini, ana deni gani, na juzi aliulizia kitu gani akaondoka bila kununua. Kila mteja ana ukurasa wake.

Kuna mambo matatu ambayo programu inayafanya na daftari la karatasi haliwezi. Inakukumbusha umpigie mteja siku uliyoahidi. Inakuonyesha kila mauzo yamefika hatua gani: ameulizia, amepewa bei, ametoa arubuni, amemaliza kulipa. Na mfanyakazi akiacha kazi, wateja hawaondoki naye kwenye simu yake.

Majina utakayoyasikia ni Salesforce ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1999, pamoja na HubSpot na Zoho CRM. Lakini huenda tayari unayo CRM ndogo mfukoni bila kujua. WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inakuruhusu kumwekea kila mteja lebo kama "mteja mpya" au "anasubiri kulipa", na kuandaa majibu ya haraka. Kwa duka la mtu mmoja, hiyo inaweza kutosha kabisa.

ITSM: daftari la hitilafu

ITSM ni programu ya kusimamia huduma za teknolojia. Utaratibu wake unaojulikana zaidi, ITIL, ulianza katika serikali ya Uingereza miaka ya 1980, wakati ofisi zilikuwa zimejaa kompyuta na kila fundi anafanya kazi kivyake.

Hapa swali la kwanza si "mteja ni nani?" bali "ni kitu gani kimeharibika?" Tangu lini, kinawaathiri kina nani, nani anakishughulikia, na amefika wapi? Kila lalamiko linapewa tiketi yenye nambari, na tiketi haifungwi mpaka kazi iishe.

Jambo kubwa ambalo ITSM inafundisha ni kutofautisha hitilafu na chanzo chake. Kumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvuta katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, muuza intaneti anaweza kupokea simu sitini. Asiye na utaratibu ataona matatizo sitini. Mwenye ITSM ataona chanzo kimoja chenye tiketi sitini chini yake. Atawatumia wateja wote ujumbe mmoja, na hatamsumbua fundi kukagua ruta nzima zisizo na kosa.

Programu hizi pia zinaweka orodha ya vifaa: ruta gani iko kwa nani na ilinunuliwa lini. Vilevile zinaandika mabadiliko. Fundi akibadilisha mipangilio Ijumaa jioni na Jumamosi mtandao ukalala, hamhitaji kubishana. Imeandikwa.

ServiceNow ni ya makampuni makubwa. Za wastani ni kama Freshservice na ServiceDesk Plus. GLPI ni programu huria, yaani huilipii leseni ukiiweka kwenye kompyuta yako mwenyewe, ila utamlipa mtu anayejua kuiweka.

Angalia hili pia: kampuni ya Freshworks inauza Freshsales kwa ajili ya wateja na Freshservice kwa ajili ya hitilafu. Zoho nayo ina Zoho CRM, na kupitia tawi lake la ManageEngine inauza ServiceDesk Plus. Wenyewe wanaozitengeneza wanajua kwamba kazi ni mbili.

Biashara tatu, majibu matatu

Tuchukue mifano mitatu ya kufikirika.

Likoni, duka la vifaa vya ujenzi. Linauza saruji, mabati na rangi. Wateja wengi wanajenga pole pole: leo wanatuma elfu mbili, mwisho wa mwezi elfu tano, hadi mabati yatimie. Duka hili linapoteza pesa wapi? Kwa yule aliyeuliza bei ya mabati thelathini akaambiwa "nitakupigia", na hakupigiwa. Na kwa yule anayesema ameshatuma elfu kumi na mbili huku daftari linasema kumi. Kompyuta ni moja tu, ikiharibika anaitwa fundi wa mtaani. Duka hili linahitaji CRM. Ukiliuzia ITSM umeliuzia mzigo.

Changamwe, ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ina wafanyakazi ishirini na wateja wakubwa wachache ambao mwenye ofisi anawajua hadi majina ya watoto wao. Lakini kazi yote inapita kwenye kompyuta, ukiwemo mfumo wa forodha wa KRA uitwao iCMS. Kompyuta ya karani ikigoma, au paswadi ikipotea, stakabadhi hazisongi. Kontena linakaa, siku za bure zinaisha, na gharama za kuhifadhi zinaanza kuhesabika. Hapa hasara inatoka kwenye mitambo. Ofisi hii ianze na ITSM.

Kisauni, yule muuza intaneti wetu. Yeye anahitaji vyote viwili, kwa sababu bidhaa anayouza ndiyo teknolojia yenyewe. Lakini si lazima anunue mbili kwa siku moja. Kuna programu za katikati, dawati la huduma kwa wateja, kama Zendesk au Freshdesk. Hizi zinapokea malalamiko ya wateja na kuyapa tiketi. Kwa biashara yenye nyumba mia moja au mia mbili, hapo ni pahali pazuri pa kuanzia.

Kwa hivyo kabla ya kununua, sikiliza malalamiko ya wiki mbili na uyaandike. Kama wengi wanasema "mlinisahau" au "hamkunirudia", tafuta CRM. Kama wengi wanasema "haifanyi kazi", tafuta ITSM.

Malipo ya simu ndiyo uzi unaoshona yote

Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, malipo ya simu yameacha nyuma yake kitu ambacho pesa taslimu haziwezi kuacha: rekodi yenye tarehe, saa, kiasi na nambari ya muamala. Programu yoyote utakayochagua, ijengee juu ya rekodi hiyo.

Ukitumia paybill, mpe kila mteja nambari fupi ya akaunti na umfundishe kuiandika kila anapolipa. Namba kama 0147 ni ngumu kukosewa kuliko jina. Hapo hata akilipa kwa simu ya mume, dada au jirani, malipo yataingia kwenye ukurasa wake.

Ukitumia till, mteja haulizwi nambari ya akaunti. Basi andika nambari ya muamala kwenye ukurasa wa mteja papo hapo, akiwa bado yuko mbele yako. Ukisema utaandika jioni, utasahau.

Mtu akilalamika kuhusu malipo, jiulize maswali matatu, kwa mpangilio huu:

1. Pesa imefika? Angalia taarifa yako mwenyewe ya malipo. Usiamini meseji au skrinishoti iliyo kwenye simu ya mteja, kwa sababu meseji za uongo zipo.
2. Imeandikwa kwa mtu sahihi? Hapa unaangalia daftari la wateja, yaani CRM.
3. Huduma imewashwa na bado haifanyi kazi? Sasa fungua tiketi ya hitilafu, uandike ndani yake nambari ya muamala.

Ukifuata mpangilio huo, fundi hataondoka ofisini kabla maswali mawili ya kwanza hayajajibiwa. Nauli ya boda utakayookoa peke yake utaiona.

Na jambo moja halina mjadala: PIN ya mteja haiulizwi, haiandikwi, haihifadhiwi popote. Wala wafanyakazi watatu wasitumie paswadi moja. Siku pesa zikipotea, hutajua nani aligusa nini.

Nambari ya mteja si mali yako

Ukishakuwa na majina na nambari za watu kwenye programu, sheria inakuangalia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka umweleze mteja kwa nini unachukua taarifa zake. Mtu kulipia mfuko wa saruji hajakupa ruhusa ya kumtumia matangazo kila Ijumaa. Muulize kwanza, na akikataa, umwache.

Biashara yenye mauzo chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 imesamehewa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini baadhi ya kazi lazima zisajiliwe hata zikiwa ndogo, zikiwemo huduma za mawasiliano, afya, elimu na uchukuzi. Kwa hivyo muuza intaneti asijifiche nyuma ya udogo wake. Na kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru watu, una saa 72 za kuiarifu ofisi ya Kamishna.

Haya si vitisho vya karatasi. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza faini ya karibu shilingi milioni 3 dhidi ya mkopeshaji mmoja wa mtandaoni aliyetumia majina na nambari za watu zilizopatikana kwa wengine.

Hesabu gharama yote

Programu nyingi zinalipiwa kwa dola, kwa kila mtumiaji, kila mwezi. Tuseme ni dola 15 na una watumiaji watano: dola 75 kwa mwezi. Mapema 2024 dola ilifika takriban shilingi 160, na hesabu hiyo ingekuwa shilingi 12,000. Mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu 129, na hesabu ingekuwa 9,675. Programu ni ile ile, bili tofauti. Acha nafasi kwenye bajeti.

Muulize muuzaji maswali haya kabla ya kulipa: Nikiacha kulipa, naweza kuondoka na data yangu yote kwenye faili ya Excel? Inafanya kazi kwenye simu? Stima ikipotea au mtandao ukilala, nitaandikaje? Na toleo la bure linaishia wapi? Akizungukazunguka kwenye swali la kwanza, muage kwa heshima.

Anza leo na karatasi

Huhitaji kununua chochote wiki hii. Chukua daftari, ugawe kurasa mara mbili. Upande mmoja andika "Mtu", upande wa pili andika "Kitu". Kila lalamiko likiingia, liandike upande wake, na nambari ya muamala kama ipo. Baada ya siku kumi na nne, hesabu. Upande uliojaa ndio unaokula pesa zako, na ndio wa kununuliwa programu kwanza.

Na yule dada wa Mshomoroni aliyelipa kwa simu ya mumewe? Mpe nambari yake ya akaunti, mwandikie kwenye kadi aibandike juu ya ruta. Mwezi ujao atalipa, mtandao utarudi, na Jumamosi saa mbili usiku simu yako itanyamaza.