Glavu Sakafuni

Novemba 1817, katika mahakama ya King's Bench jijini London, Abraham Thornton alitakiwa kujibu shtaka la kumuua msichana aitwaye Mary Ashford. Akasema hana hatia, na yuko tayari kulithibitisha hilo kwa mwili wake. Kisha akavaa glavu moja kubwa ya ngozi. Ya pili akaitupa sakafuni.

Wengi wetu, kwa kuzoea filamu, huona kitendo hicho kuwa tusi. Kumbe ilikuwa rehani. Katika Ulaya ya zama za kati, aliyetupa glavu mbele ya hakimu aliweka dhamana kwamba atafika siku ya pambano la kuamua kesi. Aliyeiokota naye alikuwa amejifunga. Iliaminika kwamba Mungu hatamwacha mwenye haki ashindwe. Ndivyo ilivyokuwa Paris mwaka 1386: Jean de Carrouges, aliyemshtaki Jacques Le Gris kwa kumbaka mkewe, alitupa glavu, na mwezi Desemba wakapigana hadi Le Gris akafa.

Thornton aliikumbukaje sheria hiyo zaidi ya miaka mia nne baadaye? Waliomchokoza ndio waliomfungulia mlango. Agosti ya mwaka huohuo baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limemwachia huru. Lakini sheria kongwe ilimruhusu ndugu wa marehemu kumshtaki upya, na William, kaka yake Mary, akaitumia. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: sheria hiyohiyo ilimpa mshtakiwa haki ya kudai pambano. Wangepigana tangu jua kuchomoza. Mshtakiwa akizidiwa, ananyongwa. Akistahimili mpaka nyota zionekane, yuko huru.

Thornton alikuwa na mwili wa nguvu; William alikuwa kijana mwembamba. Glavu haikuokotwa. Mawakili walibishana kwa miezi, na Aprili 1818 majaji, wakiongozwa na Lord Ellenborough, wakaamua kwamba sheria ambayo Bunge halijaifuta bado ni sheria, hata kama imeota kutu. William akajitoa, Thornton akaenda zake.

Mwaka uliofuata Bunge lilifuta pambano, na pamoja nalo ile haki ya ndugu kumshtaki upya mtu. Meno ya msumeno yaling'olewa pande zote mbili.