Nani Aidhinishe Seva ya Anwani?

Juma lililopita tulijifunza kwamba kila kompyuta iliyomo katika mtandao yapaswa kuwa na anwani yake, kama vile 192.168.1.20. Seva ya DHCP ndiyo inayozigawa anwani hizo. Leo tutazame swali moja tu: ni nani awezaye kuiidhinisha seva hiyo?

Fikirini karani wa viwanja. Ana daftari, ana kalamu, na kazi ya kugawa viwanja anaijua. Lakini asipopewa mhuri, hati anazotoa ni bure. Akitokea karani mwingine asiye na mhuri, naye akaanza kugawa, watu wawili watapewa kiwanja kimoja, na ugomvi utazuka. Ndivyo ilivyo katika mtandao. Seva isiyotakiwa yaweza kutoa anwani zilizokwisha kutumika, au kuzionyesha kompyuta njia isiyo sahihi. Kazi za ofisi nzima husimama. Na mwenye nia mbaya aweza kuzipitisha kwake habari za watu na kuzisoma.

Kwa sababu hiyo, tangu Windows 2000, Microsoft waliweka sharti. Seva ya DHCP ya Windows iliyojiunga na Active Directory, yaani daftari kuu la mtandao, hutazama kwanza kama imeandikwa humo. Isipojiona, haigawi anwani hata moja.

Sasa, nani aiandike? Hapa wengi hukosea. Msimamizi wa mashine yenyewe hatoshi. Aliye katika kundi la DHCP Administrators aweza kupanga anwani za kugawa, lakini kuidhinisha hawezi. Hata msimamizi wa domeni iliyo chini ya nyingine, kwa kawaida, hukataliwa. Sababu ni kwamba orodha hii ni moja kwa domeni zote zilizoungana, ambazo kwa pamoja huitwa msitu. Basi ruhusa hiyo ni ya kundi la Enterprise Admins, lililomo katika domeni ya kwanza ya msitu.

Je, kila fundi aingizwe katika kundi hilo? La, hasha! Kundi hilo lina nguvu juu ya msitu mzima. Anayeiba neno la siri la mmoja wao ameshika funguo zote. Ziko njia mbili njema. Kwanza, mkuu mwenye ruhusa aiidhinishe seva mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache. Pili, amkabidhi fundi ruhusa juu ya sehemu iitwayo NetServices, pasipo kumpa nyingine.

Tena jihadharini. Sharti hili huzifunga seva za Windows. Kifaa kidogo cha intaneti kilicholetwa kutoka nyumbani hakimwulizi mtu ruhusa. Hicho huzuiwa kwenye swichi za mtandao, na habari zake tutazieleza juma lijalo.

Kwa leo, jiulizeni: katika ofisi yenu, mhuri uko kwa nani? Kwaherini.