KAURI NA METALI KATIKA NCHA YA KEEKEE

Mtaa wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ni mtaa wa Waswahili na wa mafundi. Watengenezaji wa magari, maseremala na wachomea vyuma wa hapo hutegemea kifaa kidogo ambacho wengi hukitumia bila kujua asili yake: ncha ya kijivu iliyobandikwa mwishoni mwa keekee ya kutobolea ukuta. Ncha hiyo si chuma kitupu. Ni mchanganyiko wa kauri na metali, na madini yake yamo katika ardhi ya Burundi na ya majirani zake.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Kila mama wa nyumbani aijua tabia ya kauri. Sahani ya kauri haikwaruzwi upesi na kisu, lakini ikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande. Sufuria ni kinyume chake: ikianguka hubonyea tu, ila uso wake hukwaruzika kwa urahisi. Upungufu wa mmoja ndio sifa ya mwenziwe. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia ya kuvioanisha viwili hivyo.

Njia hiyo ilipatikana Berlin mwaka 1923, kwa kazi ya Mjerumani Karl Schröter. Mwaka 1926 kampuni ya Krupp ilianza kuuza mchanganyiko huo kwa jina la Widia, lililofupishwa kutoka maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi".

Unga wa kabaidi ya tangsteni, wenye ugumu wa kauri, huchanganywa na unga wa metali ya kobalti, hushindiliwa katika kalibu, kisha huokwa kwa joto la nyuzi 1,400 hivi za Selsiasi. Hapo kobalti, ikisaidiwa na kabaidi yenyewe, huyeyuka na kujipenyeza katikati ya chembe zilizobaki ngumu. Matundu ya hewa huzibika, na kipande kizima hupungua karibu sehemu moja ya tano kwa urefu na kwa upana.

UGUMU NA USTAHIMILIVU

Kitu kilichopatikana kina uzito unaokaribia mara mbili ya chuma cha pua, na hukataa kupinda kiasi cha mara tatu kuliko chuma hicho. Ufa ukianza katika chembe ngumu, hukutana na kobalti, ambayo hunyumbuka kidogo kabla ya kukatika. Nguvu ya ufa hupungua.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama. Kobalti ikiwa chache, tuseme asilimia 6, ncha huwa ngumu sana na hudumu katika kukata, ila hustahimili kishindo kidogo. Kobalti ikizidishwa, ncha huvumilia kugongwa, lakini huisha upesi. Tena mchanganyiko huu hubeba mgandamizo mkubwa, bali ukipindwa hukatika ghafla bila kutoa dalili.

Askari nao wanahusika. Bamba la kauri la deraya hulivunja na kulikwangua kichwa risasi, na tabaka lililo nyuma yake, la nyuzi imara au la metali, hupokea nguvu iliyobaki. Bamba hilo lisitupwe chini ovyo, kwa kuwa ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

MADINI YAENDAKO NA YARUDIKO

Wolframi, jiwe jeusi zito litoalo tangsteni, huchimbwa kaskazini mwa Burundi na pia Rwanda. Kobalti hutoka hasa Katanga, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Hata hivyo, madini hayo kwa kawaida husafirishwa kabla ya kusafishwa kikamilifu, hugeuzwa unga na vifaa katika viwanda vya ng'ambo, kisha hurudi kama ncha ya keekee ambayo fundi wa Buyenzi huinunua kwa bei ya kiwandani. Thamani kubwa imo katika tanuri, si katika shimo.

MATUNZO NA TAHADHARI

Ncha iliyopata moto isichovywe katika maji baridi. Mabadiliko ya ghafla huleta nyufa. Keekee ikigonga nondo ndani ya zege, isimamishwe, maana ncha ya kutobolea ukuta haikutengenezwa kwa kukata chuma. Isikandamizwe mno wala kuachwa izunguke mahali pamoja, kwani joto likizidi hulegeza dawa iliyoibandika.

Kubwa zaidi ni vumbi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichapisha tathmini kwamba kobalti pamoja na kabaidi ya tangsteni yaelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Na vumbi lake huweza kuyadhuru mapafu hata mtu akashindwa kupumua vizuri. Basi anoaye ncha hizo avae kinyago kinachozuia vumbi laini, wala si kitambaa kitupu, na kazi hiyo isifanyiwe uani penye jiko na watoto. Nguo zake za kazi zisitiwe katika beseni moja na nguo za jamaa. Mapafu ya fundi hayauzwi dukani. Ncha ya keekee yauzwa.