Panya wa Nyumba na Panya-buku

Katika nyumba nyingi za Kisangani mna wageni wasioalikwa: panya. Mchana hujificha darini. Usiku hutafuna magunia ya mpunga, nguo, hata sabuni. Panya hao si wa Kongo kwa asili. Walitoka Asia zamani, wakisafiri na mizigo ya watu katika merikebu.

Panya-buku ni mwingine. Yeye ni mwenyeji wa msitu, naye ni mkubwa. Huweza kupita kilo 1. Mashavuni ana mifuko miwili. Humo hujaza mbegu, akazipeleka shimoni mwake. Nyingine huzifukia chini, na zile anazozisahau huota miti.

Watu humtega panya-buku, maana nyama yake ni tamu. Lakini kuna hatari. Ugonjwa wa mpox huweza kumpata mtu anayegusa mnyama mgonjwa. Mgonjwa wa kwanza alijulikana mwaka 1970, mtoto wa miezi 9 huko Basankusu. Kwa hiyo mnyama aliyekutwa amekufa haokotwi kwa mkono, wala haliwi.

Na panya wa nyumbani? Huyo hunyimwa chakula. Mpunga huwekwa katika pipa lenye kifuniko, na masazo hufukiwa shimoni. Paka husaidia, akipenda.